Ziwa Halina Mwenyeji

Desemba 2022 nilimruhusu mtoto wa miaka 13 avue jaketi la kujiokolea katikati ya Ziwa Victoria. Hakufa. Ndiyo maana kisa hiki hakijawahi kusimuliwa nyumbani kwetu.

Tulikuwa tunakwenda Ukara, kwenye harusi ya ndugu. Tulipofika Bugolora kivuko kilikuwa kimeshaondoka, tukapanda mtumbwi wa injini pamoja na watu wengine kama kumi, magunia, kreti za soda na jogoo mmoja aliyefungwa miguu. Mwenye mtumbwi akatugawia majaketi. La kwangu lilinuka dagaa na kamba yake moja ilikuwa imekatika. Nililivaa kwa dakika kumi hivi. Kisha upepo ukatulia, maji yakawa kama kioo, na mimi nikataka picha. Nilikuwa na gauni jipya la kitenge, na lile jaketi la rangi ya chungwa lilikuwa linaliziba lote. Nikalivua. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikuwa amekaa ubavuni kwangu.

"Dada, na mimi nivue?"

"Vua tu, tumeshafika."

Hatukuwa tumefika. Ukara ilikuwa inaonekana, lakini kisiwa kuonekana na kisiwa kufikika ni mambo mawili. Mama mmoja wa makamo, aliyekuwa amefunga jaketi lake mpaka kidevuni, akanitazama akasema, "Mwanangu, ziwa halina mwenyeji." Nikamjibu, "Sawa, mama," kwa adabu zote, kisha nikampa mdogo wangu simu anipige picha.

Tulifika salama. Harusi ilifana. Picha ilipendwa na watu wengi.

Miaka imepita, sasa nasoma shahada ya uzamili ya falsafa, na swali linalonirudia halimo kwenye mtihani wowote: je, siku ile nilifanya kosa, au nilifanya jambo ambalo lingeweza kuwa kosa? Hakuna aliyeumia. Ukinishtaki, utanishtaki kwa lipi?

Thomas Nagel, mwanafalsafa wa Marekani, aliandika katika miaka ya 1970 juu ya nafasi ya bahati katika maadili. Anatupa mfano wa dereva mlevi ambaye gari lake linapanda njia ya waenda kwa miguu. Kama hakuna mtu pale, dereva anarudi nyumbani na hofu kidogo. Kama kuna mtu, anaitwa muuaji. Ulevi ni uleule, usukani ni uleule. Kilichobadilika ni nani alikuwa amesimama pale, jambo ambalo dereva hakulipanga. Nagel anatuonyesha kwamba tunawahukumu watu hawa wawili tofauti kabisa, ingawa tunadai kwamba mtu ahukumiwe kwa yale tu yaliyo mikononi mwake.

Niliposoma mfano ule niliuona mtumbwi. Mimi ni yule dereva aliyekuta njia tupu.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba sikuwa mjinga wa mambo. Maji yale nilikuwa nayajua kwa jina na kwa tarehe. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kinakaribia gati la Ukara. Kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Walikufa wakiwa wanaiona nchi kavu, na watu wa nchi kavu wakiwaona. Kabla ya hapo kulikuwa na MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, iliyozama ikiwa imekaribia Mwanza kutoka Bukoba. Uwezo wake ulikuwa abiria 430; waliokufa ni zaidi ya 800, na wengi wamezikwa Igoma. Mtu aliyekulia Mwanza hahitaji kufundishwa habari hizi, kwa sababu kila mtaa una nyumba inayoikumbuka Mei.

Kwa hiyo nilijua, na bado nilivua. Tunapenda kusema kwamba watu wanaocheza na hatari wamekosa akili ya kawaida. Lakini wahenga walishasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Akili hiyo tunayoiita ya kawaida hatuzaliwi nayo, inajengwa na mazoea, na mazoea ni mwalimu mbaya sana wa hatari. Ukivuka mara mia bila jaketi ukafika, umepata masomo mia moja yanayokwambia kwamba jaketi halina kazi. Somo la mia moja na moja huenda usibaki wa kulisimulia. Mvuvi mmoja wa dagaa niliyezungumza naye Mwaloni, Kirumba, aliniambia havai kwa sababu linanasa kwenye nyavu, kisha akaongeza, "Na mimi ziwa hili nimezaliwa nalo." Nikamkumbuka yule mama. Yeye pia alizaliwa nalo, na alikuwa amefunga kamba zote.

Hapa lazima nijikosoe, kwa sababu ni rahisi kuteleza nikaanza kuwahubiria watu. Baada ya kila ajali ya majini utasikia mtu aliyekaa kwenye kochi Dar es Salaam au Arusha akiuliza: kwa nini walipanda ilhali waliona kimejaa? Anauliza kama vile abiria walikuwa wanachagua mgahawa. Mama aliyekwenda gulioni kununua unga na sabuni, mwenye mtoto anayenyonya upande wa pili wa maji, akiambiwa asipande, alale wapi? Kuhesabu abiria ni kazi ya mtu mwenye sare na mshahara. Kusimamisha chombo kilichozidiwa ni kazi ya mtu mwenye mamlaka. Tukimbebesha abiria mzigo wa busara yote, tunawapumzisha wale waliolipwa kuwa na busara hiyo kwa niaba yake.

Ndiyo maana sipendi namna tunavyolitumia neno uzembe. Tunalitumia kwa waliokufa kwa sababu hawajibu. Kwangu mimi uzembe unaanza pale penye nafasi ya kuchagua. Abiria wa Septemba 2018 nafasi hiyo walikuwa nayo finyu mno. Mimi nilikuwa nayo tele. Jaketi nililipewa bure, likawekwa mikononi mwangu, na sababu yangu ya kulivua ilikuwa gauni.

Kuna rafiki yangu tunayesoma naye ambaye hukataa hoja hii. Anasema maisha ni yangu. Mtu mzima akitaka kukaa kwenye mtumbwi bila jaketi, au kupanda juu ya jiwe linaloteleza kule Capripoint apige picha huku Jiwe la Bismarck likiwa nyuma yake, hajamkosea mtu. Ningekubaliana naye kama watu wangekuwa wanazama peke yao. Hawazami hivyo. Mtu akizama ziwani, wavuvi wanaacha nyavu zao, wapigambizi wanaingia kwenye maji yasiyoonyesha hata kiganja, na mama anakaa ufukweni akisubiri mwili uibuke. Baadaye, kwenye karamu ya harusi ile, nilimkuta tena yule mama wa mtumbwini akimenya ndizi. Aliniambia, bila kunikaripia, kwamba mwaka 2018 alikaa pale ufukweni siku tatu. Sikuthubutu kumuuliza alikuwa anamsubiri nani.

Tena kuna jambo dogo kuliko hayo, nalo ndilo lililonifanya niandike. Tuna msemo: ajali haina kinga. Tunausema msibani ili kumfariji aliyefiwa, na msibani ni mahali pake. Kosa ni kuutoa msibani na kuupeleka gatini kabla ya safari. Ukiwa gatini, kinga ipo. Inanuka dagaa na kamba yake moja imekatika, lakini ipo.

Mwezi uliopita nilimpigia simu mdogo wangu. Sasa yuko kidato cha tatu, anasoma Mwanza, na kila likizo anarudi kwao visiwani. Tuliongea habari za shule, kisha nikamuuliza, kama mtu asiye na haja kubwa, kama huwa anavaa jaketi akipanda mitumbwi.

"Hapana, Dada."

"Kwa nini?"

"Si wewe uliniambia nivue?"

Alisema kwa utani, na pengine hata asingekumbuka kama nisingeuliza. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimedhani kosa langu, kama ni kosa, liliisha siku ile tulipokanyaga mchanga wa Ukara. Kumbe liliendelea kusafiri bila mimi, likizo hata likizo, katika maji yaleyale. Kama siku moja lingemkuta upepo wa alfajiri, hakuna ambaye angenitaja, na mimi ningesimama msibani nikisema ajali haina kinga.

Nikamwambia, "Nilikosea. Siku ile nilikosea, na sikuwa na sababu yoyote isipokuwa picha."

Akanyamaza kidogo. Sidhani kama alikuwa amewahi kumsikia mkubwa akisema hivyo. Kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: "Sasa nikivaa peke yangu, wenzangu wakinicheka je?"

Nilitafuta jibu la kifalsafa, sikulipata. Nikamwambia Desemba hii nakuja, tutapanda pamoja, na mimi ndiye nitakayevaa wa kwanza, wanicheke mimi.

"Na picha?" akauliza.

"Tutapiga tukiwa tumevaa."