Sindano Hii ni ya Nani?



Kila Oktoba, baridi ikianza hapa Marekani, baada ya ibada utasikia mtu akisema: "Mimi ni mzima. Mwaka jana sikuchanjwa na sikuugua. Chanjo ya mafua ya nini?"

Huenda ni kweli kwa mwili wake. Lakini Jumapili hiyohiyo amempakata mtoto wa miezi 3 na kumkumbatia bibi. Mtoto wa chini ya miezi 6 hawezi kupewa chanjo hii; hutegemea kinga ya wanaomzunguka. Nasi twaweza kuwaambukiza wengine mafua siku moja kabla ya kujisikia vibaya. Tunadhuru bila kujua.

Ni kweli, chanjo haimkingi kila mtu, na virusi hubadilika, ndiyo maana huchanjwa kila mwaka. Lakini hupunguza ugonjwa mkali. Wengine husema, "Mungu atatulinda." Amina, hata hivyo usiku tunafunga mlango.

Basi kabla ya kusema "siihitaji," tujiulize: nani huketi karibu nami kanisani? Kinga huchukua kama wiki 2 kujengeka. Tusingoje theluji.