Kura Haijui Umri wa Cucu

Tangu niandike skripti ya mstari mmoja, kuna swali linanisumbua: kumpa kila mtu nafasi sawa ndiyo kumtendea haki?

Skripti yenyewe ni kitu kidogo tu. Kila asubuhi hapa Kianyaga nikiwasha laptopu, inakusanya faili zote za folda yangu ya maandishi, inazichanganya kwa amri inayoitwa shuf, inaokota moja na kuifungua ndani ya Vim, programu ninayoandikia. Mimi sichagui. Zimo faili 412: mashairi yaliyokwama, hesabu za majani chai, kazi za chuo, mahojiano.

Mbona nijisumbue hivyo? Kwa sababu, kama wewe, mimi hufungua kile nilichofungua jana. Kompyuta huweka mbele faili za karibuni, na ukitafuta kwa neno unapata tu kile ulichojua tayari kukiulizia. Faili ya miaka mitano iliyopita haina mtetezi. Kura haina ukoo wala rafiki, ndiyo maana watu wa huku kwetu waliiamini zamani. Kampuni za kununua mashamba ziligawa ploti hivyo hivyo: unaingiza mkono, unatoa karatasi iliyokunjwa, namba uliyotoa ndiyo shamba lako. Hakuna wa kulaumiwa.

Juzi skripti iliokota mahojiano yangu na cucu. Alikuwa msichana wa miaka kumi hivi serikali ya mkoloni ilipowatoa kwao. Kuanzia Juni 1954 hadi mwisho wa 1955, watu zaidi ya milioni moja wa Mkoa wa Kati walihamishiwa kwa nguvu kwenye vijiji zaidi ya 800, chini ya ulinzi na kafyu. Cucu anakumbuka mtaro ambao mama yake alilazimishwa kuchimba. Anaanza kueleza habari za nduguye mdogo, halafu anakatiza: "Hayo mengine uje tuongee kahawa ikiisha."

Kahawa imeisha.

Ungedhani nimshukuru shuf. Lakini nilipiga hesabu. Ukiokota faili moja kila asubuhi kati ya 412, kisha ukairudisha folda na wenzake, baada ya asubuhi 412 zitabaki faili kama 150 ambazo hazijaguswa hata mara moja. Zaidi ya theluthi! Na hakuna aliyeiba kura. Nafasi sawa ikiachwa peke yake ndivyo inavyofanya. Kwa shairi si neno, litangoja. Cucu amepita miaka 80.

Sasa tazama chama cha kina mama. Wako kumi na wawili, karatasi ni kumi na mbili. Aliyetoa namba moja anapokea pesa mwezi wa kwanza, na karatasi yake hairudi tena. Kura inaamua nani atangulie, haiamui nani akose. Na hata hivyo, mmoja akilaziwa mtoto hospitalini, mwenzake humwachia zamu, na sijasikia mtu akilia eti kura imeibwa. Wale kina mama wanajua kwamba watu walio sawa wanaweza kuwa na haraka tofauti.

Rafiki yangu wa Nairobi ananipinga. Anasema ukishaanza kuangalia nani ana haraka, utaishia kumwangalia ndugu yako, na undugu ndio uliotuharibia nchi. Ana hoja. Ploti ya umma mimi pia nataka ipigiwe kura, tena mchana kweupe. Lakini kura inafaa pale ambapo wote wanaweza kungoja. Mmoja akiwa hawezi, kuitupia kura kazi hiyo ni kujificha nyuma ya karatasi: si mimi, ni namba.

Hata hii Vim ina mfano wake. Ukiifungua bila faili, mara nyingi ukurasa wa kwanza hukuomba uwasaidie watoto maskini wa Uganda. Mimi siku hizi siuoni, maana skripti hunipeleka faili moja kwa moja. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa Vim mwaka 1991, alifanya kazi mwaka mzima wa 1994 katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, sehemu iliyoumizwa vibaya na UKIMWI. Alifariki 2023, lakini ombi lake lingali ndani ya leseni ya programu. Watoto wenye shida duniani ni wengi, na angeweza kusema wote wana haki sawa, basi tupige kura. Yeye aliwataja wale aliokuwa ameishi nao. Sioni kama aliwadhulumu wengine. Mtu akishaona kwa macho yake, ana deni ambalo asiyeona hana.

Kwa hiyo nimeibadilisha skripti iwe kama chama: faili ikishafunguliwa hairudi hadi zote zipate zamu. Lakini ile ya cucu nimeitoa kabisa kwenye mchezo. Jumapili, watu wakitoka kanisani, napanda kwake na sukari kilo mbili na simu iliyojaa chaji. Swali la kwanza litakuwa la yule nduguye.