Mungu Akipenda, na Matairi ya Theluji

Kaka yangu yuko Ujerumani. Desemba hii anawapeleka wanawe Austria kwa gari, na grupu la familia limejaa mipango yake. Kule, Novemba 1 hadi Aprili 15, huruhusiwi kuendesha kwenye theluji bila matairi ya baridi. Baba mdogo, aliyeko Rukuba, akamjibu: "Mwanangu, safari anapanga Mungu."

Jibu hilo limenikaa kichwani. Yeye huvuka kwenda Musoma na wajukuu kwa mtumbwi wa injini, jaketi okozi hamna. Hiyo ni imani, au ni umaskini uliovaa kanzu ya imani? Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilizama karibu na Ukara ikiwa imejaza kupita uwezo wake. Walikufa watu zaidi ya 200. Tukasema kazi ya Mungu. Lakini waliopakia si binadamu?

Sisemi baba mdogo ni mzembe. Jaketi ni hela, na kaka ana sheria inayomsimamia. Ila mtu mzima anaweza kuuweka rehani uhai wake mwenyewe. Wa mtoto je? Mtoto hakuulizwa. "Mungu akipenda" ni sala ya aliyekwisha kufanya sehemu yake. Kabla ya hapo ni kisingizio tu, na anayekilipia ni yule mdogo kuliko wote chomboni.