Moto wa Gombolola na Diski Mbili

Swali la iwapo kitu ambacho hakuna atakayekihitaji kesho kinastahili kulindwa leo linaonekana kuwa la wanafalsafa, lakini mtunza seva hulazimika kulijibu kila anapogawa diski zake. Seva ina kumbukumbu kuu, yenye kasi lakini finyu, na inapoelekea kujaa, mfumo endeshi huhamisha kurasa zisizotumika kwa wakati huo, yaani vipande vya kumbukumbu ambavyo kwa kawaida vina kilobaiti 4 kila kimoja, na kuziweka katika eneo la diski liitwalo swapi. Yaliyomo humo si hifadhi ya nyaraka wala si urithi wa yeyote, bali ni kazi iliyosimama katikati ya kutendeka, na seva ikizimwa hayana maana tena.

Mwenye diski mbili anaweza kutenga swapi katika kila moja na kuzipa kipaumbele sawa, ambapo mfumo wa Linux utagawanya kurasa kwa zamu na kupata kasi inayokaribia maradufu. Au anaweza kuziunganisha kwa kioo, mpango uitwao RAID 1, ambapo kila ukurasa huandikwa pande zote mbili. Gigabaiti 8 kwa kila diski huwa 16 katika njia ya kwanza, na hubaki 8 katika ya pili. Tofauti yenyewe hujulikana siku diski moja inapokufa: bila kioo, programu ambayo kurasa zake zilikuwa humo huuawa, na pengine seva nzima huanguka, hata kama data zote za kudumu ziko salama.

Watetezi wa kasi husema kwamba kurudufisha takataka ni kupoteza nafasi, na hoja yao ni nyepesi kuliko inavyosikika. Kumbukumbu kuu hujibu kwa takriban nanosekunde 100, ilhali diski ya kuzunguka huchukua kama milisekunde 10, yaani mara laki moja zaidi. Kwa hiyo anayeishi kwa kutegemea swapi amekwisha kupoteza kasi, na kuiongeza maradufu ni kumpa kiwete viatu vya mbio. Dawa yake ni kununua kumbukumbu zaidi.

Hata hivyo, kuuita mrundikano huo takataka ni kuchanganya aina mbili za thamani, na Kampala ina mfano wa zamani unaozitenganisha. Langoni mwa Lubiri, kasri ya Kabaka, mfalme wa Buganda, iliyoko Mengo, desturi ya Waganda iliweka moto uitwao Gombolola (neno ambalo Waganda wengi leo hulijua zaidi kama jina la ngazi ya utawala), unaokokwa usiku na mchana maadamu Kabaka yu hai, na kuzimwa kwa makusudi anapofariki. Moto huo hauhifadhi chochote, kwa kuwa kuni za jana ni majivu na hakuna anayeyatunza, lakini una mlinzi mwenye cheo chake, Musolooza, kwa sababu thamani yake yote imo katika kutokatika. Jengo Kuu la Chuo Kikuu cha Makerere lilipoungua tarehe 20 Septemba 2020, hofu ilikuwa ya aina nyingine, kwani majalada ya chuo yana thamani ya kilichoandikwa, na kinga yake ni nakala iliyowekwa mbali. Swapi ni jamaa ya Gombolola, si ya majalada: hakuna anayeifanyia nakala ya akiba, na hakuna sababu ya kufanya hivyo, lakini anayeiacha ikatike ilhali mwanafunzi yumo katikati ya kujisajili amevunja ahadi aliyoiweka kwa kuwasha seva.

Mlinganisho huu pia unaonyesha mpaka wa kioo. Umeme ukikatika, jambo ambalo mkazi wa Kampala hahitaji kuelezwa, diski mbili huzimika kwa pamoja na kurasa zote hupotea, kwa hiyo anayenunua diski ya pili kabla ya betri za akiba anaulinda moto dhidi ya mvua huku akisahau kuni.

Kioo chenyewe, zaidi ya hayo, si shahidi mkamilifu. Hutokea ukurasa ukabadilika wakati ukiwa njiani kuandikwa, diski moja ikapata sura ya kwanza na nyingine ya pili, na ukaguzi wa mara kwa mara ukatoa hesabu ya tofauti inayomtia hofu mtunza mgeni. Katika swapi tofauti hizo kwa kawaida hazina madhara, kwa sababu hutokea pale mfumo unapokuwa umekwisha kuutupa ukurasa huo, na hautasoma nakala yoyote kati ya hizo mbili.