Kuinama Mbele ya Hekalu: Ni Heshima ao Ibada?



Kuna ulizo moja ambalo Mkristo anapaswa kulifikiri mbele ya siku ya kujaribiwa kufika: serikali ikisema kwamba tendo fulani si ibada, je, kweli si ibada tena? Tutazame inchi ya Japani, kwa maana kule ulizo hili lilikamata watu shingoni.

Dini ya zamani ya Wajapani inaitwa Shinto. Wanaheshimu kami, ni kusema roho na miungu ya milima, ya mito na ya mababu. Kwa miaka mingi sana iliishi pamoja na dini ya Buda, hata katika kiwanja kimoja. Mwaka 1868 serikali mpya ya Mfalme Meiji ilizitenganisha kwa amri. Mwaka 1871 ikatangaza kwamba hekalu za Shinto ni za ibada ya inchi, na ukuhani wa kurithi toka baba mpaka mwana ukavunjwa.

Lakini katiba ya 1889 ilitoa uhuru wa dini. Basi wakubwa walifanya namna gani? Walisema Shinto ya hekalu si dini, ni desturi ya inchi tu. Mwaka 1900 waligawanya hata biro: moja ya hekalu, ingine ya dini. Oneni akili hiyo! Mtu akikataa kuinama, hawezi kusema imani yake inamkataza. Ataambiwa: hapa hapana mambo ya imani, wewe hupendi inchi yako.

Mwalimu Uchimura Kanzo, Mkristo, alionja hayo huko Tokyo mwezi wa kwanza 1891. Walimu na watoto wa masomo waliitwa kuinama mbele ya barua ya Mfalme juu ya elimu, yenye sahihi yake. Yeye aliinamisha kichwa kidogo tu. Wakamwita mtu asiye na heshima, akapoteza kazi. Juu ya kipimo cha kichwa!

Korea, iliyokuwa koloni ya Japani toka 1910 mpaka 1945, iliumia zaidi. Mwaka 1938 mkutano mkuu wa kanisa la Presbiteri ulikubali kwamba kuinama hekaluni si dhambi, lakini polisi walikuwa wameketi ndani ya mkutano. Mchungaji Chu Ki-chol alikataa. Alikufa gerezani mwaka 1944.

Wengine watasema: Mungu anatazama moyo, basi mtu ainame, ndani yake ajue ni heshima ya inchi tu. Neno hilo si la wajinga. Roma yenyewe iliwaruhusu Wakatoliki wa Japani mwaka 1936, kwa kuwa serikali ilisema ni alama ya kupenda inchi. Lakini mimi ninauliza: kama ni desturi tu, gereza ni la nini? Hata Nebukadneza hakuwauliza wale vijana watatu mambo ya moyo, aliuliza magoti.

Tena Shinto yenyewe haikupona mikononi mwa serikali. Toka 1906 wakubwa walianza kuunganisha hekalu ndogo za vijiji, na karibu 70,000 zilifutwa. Misitu yao mitakatifu ikakatwa. Mwenye elimu Minakata Kumagusu alipiga kelele sana.

Tarehe 15 Desemba 1945, kisha vita, Waamerika waliamuru serikali iachane na Shinto, na katiba ya 1947 ikakaza neno hilo. Mambo hayakuisha. Mwanajeshi mmoja alikufa kwa aksida ya motokari kazini mwaka 1968. Mwaka 1972 chama cha wanajeshi wa zamani, kwa musaada wa ofisi ya jeshi, kilimwingiza katika hekalu ya Yamaguchi awe kami. Mjane wake, Mkristo, alikuwa amekataa. Alishitaki, akashinda mara mbili. Lakini mwaka 1988 Tribinali Kuu, majaji 14 kwa mmoja, ilimwambia avumilie imani ya wengine. Yule mmoja, Jaji Ito Masami, alikataa, akasema haki za namna hii ziko kwa kulinda hasa walio wachache.