SHEMWINDO NAYE APEWE NENO

Siku hizi imekuwa kama desturi, katika vitabu na katika sinema, kutwaa hadithi ya zamani na kuisimulia tena kwa kinywa cha yule aliyekuwa mbaya ndani yake. Mwaka 1989, Mmarekani Jon Scieszka alitoa kitabu cha watoto ambamo mbwa mwitu mwenyewe anaeleza namna nyumba za wale nguruwe watatu zilivyoanguka. Na ukimsikiliza, kosa si lake hata kidogo. Mwaka 2014 ikatoka sinema Maleficent, ambamo yule aliyemlaani binti wa mfalme anapewa nafasi ya kuonyesha kidonda alichokuwa nacho mbele ya kulaani. Vijana wetu wanaona vitu hivi, halafu wanatuuliza kalasini: « Mwalimu, kumbe mubaya naye iko na yake ya kusema? »

Sisi walimu hatuwezi kupita pembeni ya ulizo hilo, kwani si la watoto tu. Ni ulizo la haki. Je, inafaa kumpa mbaya neno? Na akiisha kusema, je, anabaki mbaya?

Wako wazee wanaojibu upesi: hapana. Hadithi imewekwa kwa kufundisha. Ukianza kumteteza fisi, mtoto atajuaje kwamba kuiba ni vibaya? Wako wengine, zaidi wale waliosoma, wanaojibu: ndiyo kabisa, kwani mwamba ngoma huvutia kwake. Wanaongeza na ile mezali ya simba, inayojulikana Afrika nzima, kwamba mpaka siku simba atakapopata msimulizi wake, hadithi za mawindo zitamsifu mwindaji peke yake.

Pande zote mbili zina sehemu ya kweli. Lakini tuangalie vizuri mezali ya simba. Simba wa mezali hiyo ni yule aliyeuawa. Ni mwenye kushindwa, si mwenye kukosa. Watu wengi wanachanganya hawa wawili, na mchanganyiko huo ndio unaotuletea shida. Kuna mtu anayeitwa mbaya kwa sababu wengine ndio walioshika neno. Na kuna mtu anayeitwa mbaya kwa sababu alitenda ubaya. Wote wawili wakiomba kusema, hawaombi kitu kimoja.

Juu ya yule wa kwanza, mfano tunaupata Ulaya yenyewe. Ndugu wawili Grimm, wa Ujerumani, walipochapa hadithi ya Hänsel na Gretel mwaka 1812, aliyetaka watoto wapotezwe porini wakati wa njaa alikuwa mama yao mzazi. Katika chapa ya mwaka 1840, mama huyo amegeuka kuwa mama wa kambo. Hadithi ni ile ile, pori ni lile lile. Lakini ubaya umehamishwa kutoka kichwa kimoja na kutwikwa kichwa kingine, kwa sababu ilionekana vigumu kusema kwamba mama mzazi anaweza kufanya vile. Tangu pale mama wa kambo amebeba mzigo ule mpaka leo. Na ndani ya nyumba ya porini alikuwa akingojea bibi mzee, mchawi.

Hapa kwetu hatuna haja ya kwenda mbali kwa kuelewa jambo hilo. Mama wa kambo, bibi mzee anayeishi peke yake, mtoto aliyefiwa na wazazi: hao ndio wa kwanza kuonyeshwa kidole siku kifo kinapoingia katika familia. Ilibidi sheria ya mwezi wa kwanza mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mtoto iweke azabu kwa mtu anayemshitaki mtoto uchawi. Kwa watu wa namna hii, kugeuza hadithi na kuisikiliza kwa kinywa chao si mchezo wa waandishi. Ni kuchunguza kama kosa lilikuwako. Pengine maisha ya mtu yanatoka humo.

Lakini yule wa pili je? Yule ambaye kosa lake liko wazi, hata yeye mwenyewe hawezi kulikana? Juu ya huyo wazee wetu walikwisha kufikiri, mbele ya Wamarekani na sinema zao. Tunasema juu ya hadithi kubwa ya Mwindo, ya ndugu zetu Wanyanga wa Walikale. Msimulizi Shé-karisi Candi Rureke aliisimulia na kuiimba mwaka 1956, Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakaiandika, ikachapwa kitabu mwaka 1969. Wengi wanaijua kwa upande wa Mwindo, mtoto aliyezaliwa akitembea na kusema. Sisi tuiangalie kwa upande wa baba yake.

Shemwindo alikuwa mwami wa Tubondo, mwenye wake saba. Alitoa amri: wake zake wazae wasichana tu; atakayezaa mtoto mwanamume, mtoto huyo atauawa. Wake sita wakazaa wasichana. Wa saba akamzaa Mwindo. Baba akarusha mkuki ndani ya nyumba ya uzazi, haukumfikia mtoto. Akaamuru azikwe, mtoto akatoka kaburini. Mwishoni akamfungia ndani ya ngoma, ngoma ikatupwa mtoni. Mtoto akasafiri ndani ya maji mpaka kwa shangazi yake Iyangura, akakua katika nguvu, akarudi kupiga Tubondo. Shemwindo akakimbia chini ya ardhi, kwa Muisa, mpaka mwanawe alipomfuata kule na kumrudisha nyumbani.

Tulipowapa wanafunzi wetu wa mwaka wa tano zoezi la kuandika hadithi hii kwa kinywa cha Shemwindo, tulipata mambo mawili ambayo hatukuyangojea.

La kwanza ni zuri. Wasichana ndio waliolivumbua. Shemwindo akijieleza, inamubidi aseme juu ya nini alipenda wasichana tu. Na jibu ambalo msikilizaji wa kwetu anaona upesi ni kwamba msichana analeta mali ya ndoa, lakini mvulana anaomba mali ya kuoa, na kesho ataomba na kiti cha baba. Basi yule baba aliyeonekana kuwapenda mabinti hakuwapenda. Aliwahesabu. Ukisimulia kwa upande wa Mwindo peke yake, wale dada sita wanapita kama kivuli. Ukisimulia kwa upande wa Shemwindo, unaona kwamba nao walikuwa ndani ya ngoma ya namna nyingine. Faida ya kumpa mbaya neno ndiyo hiyo: anatuonyesha mizizi. Ubaya wake hautoki mbinguni. Unatoka katika hesabu ambazo na sisi, katika nyumba zetu, tunazifanya siku ya kupokea wakwe.

La pili si zuri. Karibu kila karatasi, ilipofika kwenye ngoma, ilipita mbio. « Nilisukumwa na washauri. » « Nilikuwa na woga wa kupokonywa. » « Desturi ndiyo ilinilazimisha. » Halafu mstari mmoja: ngoma ikatupwa. Hapana mtu aliyeandika namna giza la ndani ya ngoma lilivyo, na maji yanavyopiga inje. Si kwamba wanafunzi ni wavivu. Ni kwamba Shemwindo hajui. Yeye alibaki kwenye ukingo wa mto. Aliyekuwa ndani ni mwingine.

Kwa maoni yetu, ugumu wote uko hapo. Mbaya anajua sababu, lakini hajui uzito. Sababu ziko moyoni mwake, uzito uko mwilini mwa mwingine. Ukimsikiliza yeye peke yake, utatoka na sababu nyingi bila uzito wowote, na moyo wako utalainika mbele ya kujua ni kitu gani kilifanywa. Mbwa mwitu wa kile kitabu anatuchekesha vizuri, lakini tukumbuke kwamba nguruwe wawili wamekwisha kuliwa, hawawezi tena kusema.

Sasa tuone namna wazee walivyofanya. Mwindo aliporudi na baba yake, hakumuua. Aliita watu wote kwenye baraza kubwa. Na hadithi inasema kwamba katikati ya baraza viliwekwa viti vitatu vya shaba: kimoja cha Mwindo, kimoja cha Shemwindo, kimoja cha Iyangura. Mbaya alipewa kiti. Hakuwekwa chini mavumbini, wala hakufungwa kamba. Lakini kiti chake hakikuwa peke yake.

Shemwindo akasema mbele ya watu. Hakukana. Alitaja amri yake, alitaja mkuki, alitaja ngoma, alitaja na kukimbia kwake. Kisha Iyangura, dada yake mwenyewe, akasimama na kumkaripia, yeye pamoja na washauri na wakubwa wake. Kwani mwami hatoi amri mbaya peke yake, kuna vichwa vilivyoitika. Mwishoni Mwindo naye akasema, na akasema kwamba haweki kinyongo juu ya baba yake. Maneno matatu, kwa viti vitatu: mwenye kutenda, mwenye kutendewa, na mtu wa jamaa anayewapenda wote wawili lakini hapendelei uongo.

Hayo ndiyo tunayotaka kusema katika ukurasa huu. Mbaya apewe neno, ndiyo, na asikatwe kinywani. Lakini aseme mahali ambapo yule aliyemtenda yuko na anasikia, na anaweza kujibu. Neno la mbaya likisemwa barazani linakuwa ungamo. Likisemwa chumbani peke yake linakuwa kujiteteza tu.

Watu wa inchi yetu tunapaswa kuelewa jambo hili kuliko wengine. Kisha vita, wakati wa serikali ya mpito, kuliundwa Tume ya Ukweli na Upatanisho. Sheria yake ilitolewa mwaka 2004. Lakini ndani ya tume hiyo waliingia watu wa pande zile zilizokuwa zimepigana. Ikamaliza kazi mwaka 2007 bila kufungua baraza ambamo walioumizwa wangesema mbele ya waliowaumiza. Kwa lugha ya hadithi yetu: akina Shemwindo walipata viti, lakini kiti cha aliyetoka ndani ya ngoma hakikuletwa. Tangu hapo kila kabila, kila kijiji, kinasimulia chake usiku, mlango ukiwa umefungwa, na katika kila masimulizi fisi ni jirani. Watoto wanaotoka katika nyumba hizo ndio tunaowakuta asubuhi kwenye banki moja.

Mtu anaweza kutuuliza: je, aliyetendewa naye hawezi kuwa mwongo? Anaweza. Na wazee waliliona hilo pia. Hadithi ya Mwindo haimaliziki barazani. Kisha kupata utawala, Mwindo alimuua Kirimu, mnyama mkubwa wa porini, bila kuuliza ni wa nani. Na Kirimu alikuwa rafiki wa Nkuba, mwenye radi. Nkuba akampandisha Mwindo juu, akakaa kule mwaka mzima katika baridi na jua na mvua, akifundishwa kiasi. Aliporudi aliwapa watu wake maagizo: wasigombane, wasimcheke kilema anayepita, wazae watoto warefu na wafupi, wamwogope mwami, na mwami naye awaogope watu. Mwana wa baba aliyechagua watoto anakubali watoto wote. Lakini ilibidi kwanza yeye mwenyewe akae kwenye kiti cha mkosaji. Shujaa asiyepata mtu wa kumwambia kosa lake, huyo ni Shemwindo wa kesho.

Basi, wasomaji wapendwa, tukiwa wazazi ao walimu, tusiogope watoto wakitaka kusikia fisi akisema. Tuwaache. Ila fisi akiisha kusema, tuulize: na mbuzi, yeye anasema nini? Na bibi aliyewajua wote wawili, yeye anasema nini? Hadithi moja itachukua jioni tatu pahali pa jioni moja, na hakuna hasara.

Na kuna alama moja tena, inayosaidia kutambua kama mbaya amesema kweli ao amepamba tu maneno. Shemwindo alipomaliza kusema, hakurudi kukaa kama zamani. Kwa mikono yake mwenyewe alimpa mwanawe vyombo vya bwami, inchi ikagawanywa, naye akaenda kukaa kwenye mlima mwingine. Hakufukuzwa, hakuuawa, lakini alitoa kitu. Tukimaliza kumsikiliza mbaya yeyote, wa hadithi ao wa kweli, tumwangalie mikono: ameachilia nini?