Samaki Wangapi?

Tupangapo safari ya kuvua katika Ziwa Ellis, Mlima Kenya, zaidi ya mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, twajadiliana sana habari za mablanketi, ndoana na unga. Ni mara chache twaulizana: tutavua samaki wangapi? Wako wasemao kwamba trauti si wenyeji, kwamba mayai ya kwanza yaliletwa Kenya kutoka Uskoti mwaka 1905, na alichopanda mtu ni halali kukivuna chote. Hoja hiyo hatuikubali. Aliyepanda si sisi. Tena katika maji baridi samaki hukua polepole. Idadi na ipangwe nyumbani, kabla tamaa haijaona maji. Wawili kwa kila mtu watatosha kitoweo, na atakayekosa atagawiwa na mwenziwe.